Hiari ya Maji kwenye Kona ya Pili

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake wanasema kosa ni la ramani. Mimi ni mwenyeji, kwa hiyo nasema hivyo hivyo. Tuna bendera, tuna wimbo, tuna Wizara ya Elimu, Utulivu na Sherehe, na tuna Chuo Kikuu chenye Idara ya Maji na Mabomba, ambamo mimi ni mhadhiri. Mabomba ya idara yetu hayatoi maji. Hilo halitusumbui, kwa sababu sisi tunashughulika na nadharia, na maji ya kunywa tunaletewa ya chupa.

Kabla sijaenda mbali niwaeleze desturi yetu moja, maana mgeni asiyeijua anaweza kutuona wajinga. Kwetu mtu akimaliza kusema, awe Rais au karani wa posta, huuliza, "Kuna swali?" Na waliokusanyika hujibu kwa sauti moja, "Hakuna!" Kisha makofi. Watoto hufundishwa hivyo kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Mtu akiuliza swali kweli kweli, amemwambia msemaji kwamba hakusema vizuri, na kama msemaji ni mkubwa, amemvua nguo mbele za watu. Sisi hatuvuani nguo. Sisi tunasitiriana, na tunajivunia sana jambo hilo.

Basi tulikuwa tunaishi kwa amani, mpaka ulipofika mtihani wa mwaka wa tatu.

*

Mkuu wa idara yetu ni Profesa Luambano, mtu mpole mwenye mvi na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kusomea. Anafundisha somo la Mtiririko. Kila mhandisi wa maji aliyepo nchini amepita mikononi mwake. Njia yake ni ile ile tuliyoikuta sote: yeye anasoma, wanafunzi wanaandika, siku ya mtihani wanamrudishia maneno yake kama alivyowapa, na yeye, kwa kuwa ni muungwana, anawashukuru kwa alama A.

Mwaka huu Wizara ilisikia kwamba nchi zilizoendelea huwaambia wanafunzi wajieleze. Ikaamuru kila swali la mtihani liongezewe maneno "kwa maneno yako mwenyewe". Swali la Profesa likatoka hivi: "Eleza, kwa maneno yako mwenyewe, hiari ya maji kwenye kona ya pili."

Darasa zima likafeli. Wengine waliacha karatasi nyeupe. Wengine walieleza kona ya kwanza wakaomba radhi kwa kona ya pili. Kiongozi wa darasa, binti aitwaye Chausiku Mtemvu, aliandika sentensi moja tu: "Sikuja na maneno yangu mwenyewe, kwa kuwa sikuwahi kuambiwa niyalete." Akapata sifuri, pamoja na onyo.

Kwa sheria za chuo darasa lote lilipaswa kudisco, yaani kufukuzwa moja kwa moja, bila kurudia mtihani. Wazazi walipiga simu redioni wakalia. Walipolia sana, Waziri akaja.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa Waziri, ingawa mguu wake mmoja ulikuwa bado ndani ya gari. "Ndugu wahadhiri, darasa likifeli, kuna mbovu mahali. Ama mwalimu ni mbovu, ama mwanafunzi ni mbovu. Serikali haina upande katika hili. Itasubiri kujua nani ameshinda, halafu itasema ilikuwa naye tangu mwanzo."

Tukapiga makofi ya kilo, yale mazito.

"Kwa hiyo mtanoana. Hatuleti mtaalamu kutoka nje kuja kuwafundisha kufundisha. Mhadhiri atamfundisha mhadhiri. Profesa Luambano atalitoa lile somo lake hapa hapa, na ninyi mtakaa kwenye viti vya wanafunzi. Mkilielewa nyote, basi linaeleweka, na hawa vijana wakachunge mbuzi. Lakini akitokea mmoja wenu, mmoja tu, akasema hakuelewa, basi somo ndilo lenye kasoro, na vijana watafundishwa upya kwa gharama ya serikali. Kuna swali?"

"Hakuna!"

Hivyo ndivyo maisha ya darasa zima yalivyowekwa kwenye ulimi wa mhadhiri mmoja, yeyote atakayejitolea. Nilidhani ni jambo rahisi. Idara yetu ina madaktari wengi wa falsafa.

*

Mafunzo yalipewa jina la Mafunzo ya Kunoana, na kabla ya kitu kingine zilichapishwa fulana. Kiongozi wa mafunzo alichaguliwa kwa kura ya wazi. Alishinda Dakta Tunu Mzeru, mdogo wetu kuliko wote, kwa sababu siku ile alikuwa amempeleka mtoto kliniki na hakuwepo kukataa.

Tunu aliichukua kazi ile kwa dhati, jambo lililotushtua. Alikesha akisoma. Akaja na karatasi kubwa za ukutani na kalamu za rangi. Akatuambia tusogeze viti tukae duara, na Dakta Kihwelo, ambaye alisoma ng'ambo na hajatuacha tukasahau, akauliza kama katika duara itajulikana nani amekaa mbele.

Siku ya kwanza Tunu alifundisha mwenyewe, kutuonyesha mfano. Alieleza jinsi chemchemi inavyotokea. Alitumia ndoo, mchanga na soda ya chupa. Nakiri nilielewa, nikajisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyepewa chakula kabla ya wageni. Mwishoni akauliza, "Kuna swali?"

"Hakuna!" tukajibu, na mikono ikaenda kupiga makofi.

"Nitasubiri," akasema Tunu.

Akasimama pale akitutazama. Hakuketi, hakukusanya karatasi zake. Alisubiri kweli. Sijawahi kuona wasomi wakiteseka namna ile. Mmoja alifunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mwingine alianza kukohoa akashindwa kuacha. Bibi mmoja wa maji taka, Dakta Semkiwa, alinong'ona kwamba anadhani ana presha.

Kanuni za Kunoana zilidai kila mtu ataje jambo moja zuri aliloliona na jambo moja la kurekebisha. Dakta Kihwelo akasimama.

"Jambo zuri, Dakta amependeza. La kurekebisha, alituangalia usoni. Sisi ni watu wazima, Dakta Tunu. Mtu mzima hasubiriwi."

Tukakubaliana kwamba hilo ni la msingi, likaandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Tunu aliinama akawa anapanga kalamu zake. Kisha akasema bila kutuangalia, maana alikuwa mwepesi wa kujifunza, "Kaka zangu, dada zangu. Wale vijana wamekaa pale koridoni, mabegi yameshafungwa. Mimi kesho, Profesa akifundisha, sina sauti. Nimesoma kanuni za Wizara, kiongozi wa mafunzo hahesabiwi. Kama kuna mtu hataelewa, aseme tu. Siombi hotuba. Aseme 'sijaelewa', basi, vijana wanarudi darasani."

Tulitikisa vichwa kwa uchungu mkubwa. Nami nilitikisa. Nilikuwa nimeshaamua nitasema, isipokuwa kama mwingine atatangulia, na nilikuwa na hakika mwingine atatangulia.

*

Profesa Luambano alifundisha asubuhi iliyofuata, mbele ya Waziri, wapiga picha wa Wizara na ngoma. Ngoma ilipokoma alivaa miwani, akafungua daftari lake, akaanza kusoma kwa ile sauti yake tunayoipenda sote, iliyopikwa taratibu kama uji.

"Maji huenda kwa sababu ya msukumo, koma. Msukumo ni ile hali inayofanya maji yaende, nukta. Katika kona ya kwanza maji hutii, koma, kwa kuwa bado yana kumbukumbu ya yalikotoka. Katika kona ya pili maji hupata hiari. Pigeni mstari."

Tukapiga mstari. Nilitazama pembeni. Kila mtu alikuwa ameandika *maji hupata hiari*, na wengi walikuwa wamepiga mistari miwili kwa usalama.

"Hiari hiyo hukokotolewa kama ilivyoelezwa hapo juu, nukta. Mwisho wa somo. Kuna swali?"

"Hakuna!" tuliitikia, na Waziri akaitikia kuliko sisi.

Hapo ndipo Tunu, ambaye hakuwa na sauti lakini alikuwa na ratiba, alipotangaza hatua inayofuata. Kila mhadhiri asimame aeleze somo kwa maneno yake mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa na Wizara. Hata Waziri alishangaa kuiona, akasema basi iheshimiwe.

Chumba kikawa baridi. Nje ya dirisha nilimwona Chausiku amekaa juu ya begi lake, ameegemea nguzo, anasikiliza. Alikuwa hatazami ndani. Alikuwa ameinamisha shingo upande wetu, kama mtu anayemsikiliza daktari akizungumza na ndugu zake.

Dakta Kihwelo alianza. "Hiari," alisema, "ni dhana pana. Nikiwa ng'ambo tuliijadili kwa mapana. Ni vigumu kuizungumzia hiari ya maji bila kuzungumzia kwanza maji ya hiari, ambayo muda hauturuhusu." Makofi.

Dakta Semkiwa alisema yeye kama mwanamke na kama mtu wa maji taka ameguswa sana, na angependa kumpongeza Profesa, Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Waziri na familia ya Mheshimiwa Waziri. Makofi.

Ikafika zamu yangu. Tunu alinitazama mara moja, akainua uso haraka kuelekea dari, ili asinivunjie heshima. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, mtoto wa chekechea anayajua. Nikafungua mdomo. Nikamwona Profesa amenitegea sikio kwa upole, mzee aliyenifundisha, aliyesimama harusini kwangu akatoa nasaha. Nikasema kwamba somo hili lina kina ambacho maneno yangu mwenyewe yangelipunguzia hadhi. Nikapigiwa makofi makubwa kuliko Kihwelo. Nilipoketi masikio yangu yalikuwa ya moto, na sikuthubutu kutazama dirishani tena.

Tulimaliza wote hivyo. Hakuna aliyesema amelielewa, na hakuna aliyesema hakulielewa. Waziri alikuna kidevu.

"Sasa hapo mimi sijapata jibu," alisema. "Basi mwenye somo mwenyewe atufungie. Profesa, hebu tueleze kwa maneno yako. Hiyo hiari ni nini?"

*

Profesa Luambano alisimama. Alivua miwani ya kusomea, akaikunja, akaitia mfukoni. Alilitazama daftari lililofungwa. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kubadilika rangi kuanzia shingoni.

"Sijui," alisema.

Tulidhani tumesikia vibaya.

"Sijui, Mheshimiwa. Somo hili nililipokea kwa marehemu mwalimu wangu. Alisoma, nikaandika. Nilipofika hapo kwenye hiari nilitaka kumwuliza. Lakini alikuwa mtu mzima, darasa limejaa. Nikaona nitamwaibisha. Baadaye nikawa naona nitajiaibisha mimi. Nimewasomea watu kitu hiki maisha yangu yote, na kila mwaka nikifika kwenye kona ya pili nasoma haraka kidogo."

Mzee wa watu alikuwa analia, bila kujificha, mbele ya Waziri na wapiga ngoma.

Ndugu msomaji, sisi si wanyama. Mkubwa wako akiwa uchi unatafuta nguo, hata kama ni ya kwako. Chumba kizima kilishikwa na huruma, na huruma ndiyo iliyofanya yote yaliyofuata. Dakta Kihwelo ndiye aliyeruka kwanza.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Mmeona ufundi? Profesa ametuigizia mwanafunzi asiyeelewa! Hii ndiyo mbinu shirikishi yenyewe! Ameingia ndani ya ujinga wa kijana, akatuonyesha ulivyo!"

Chumba kililipuka kwa makofi. Nilipiga na mimi. Nilipiga kwa nguvu, ili mzee asisikie kilio chake mwenyewe.

"Siigizi," alisema Profesa. "Jamani, naomba mnisikilize. Nasema kweli."

"Anaendelea!" alisema Dakta Semkiwa huku akifuta machozi. "Hatoki kwenye uhusika! Huyu ni mwalimu."

"Mheshimiwa," Profesa alimgeukia Waziri, "mimi ni mmoja wa wahadhiri. Nami nahesabiwa. Mimi ndiye yule mmoja. Sikuelewa. Waandikie vijana warudi darasani."

Waziri alimshika mkono kwa mikono miwili, kama inavyofanywa msibani.

"Profesa," alisema kwa upole, "serikali haiwezi kukuruhusu ujidhalilishe. Wewe ni hazina." Akatugeukia. "Wahadhiri wenzake, mlilielewa somo au hamkulielewa?"

Hapo ilikuwa lazima kuchagua. Tukisema hatukulielewa, tumemwacha mzee uchi mbele ya taifa. Tunu alikuwa amesimama nyuma ya karatasi zake za ukutani, midomo yake inaiunda ile kauli kimya kimya kwa ajili yetu, sijaelewa, sijaelewa, kama mama anayemfundisha mtoto kusema ahsante.

"Tulilielewa!" tukasema.

Profesa aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi kilichokuwa karibu. Idara yetu ikatangazwa Idara Bora katika Kunoana, na sambusa zikaletwa.

*

Vijana walipewa siku ile ile kuondoka. Lori la chuo lilisogezwa getini kuwabebea magodoro na ndoo. Tulikuwa bado kwenye sambusa Dakta Kihwelo aliponivuta shati.

"Mzee ametoka. Anaelekea getini. Mfuate umrudishe kabla hajajiaibisha tena."

Nilimkuta ameshafika. Alikuwa amesimama nyuma ya lori, fulana ya Kunoana imeloa jasho, na vijana wamemzunguka kwa mbali. Alikuwa anawaambia.

"Wanangu, hamkufeli ninyi. Mimi niliwafundisha kitu nisichokijua. Teremsheni magodoro. Twendeni wote kwa Waziri, nitalisema mbele yenu, na ninyi mtakuwa mashahidi. Safari hii hawataweza kupiga makofi."

Nilitegemea watashangilia. Badala yake waliinamisha vichwa. Kijana mmoja alijifunika uso kwa godoro lake. Walikuwa wanamwonea haya, watoto waliolelewa vizuri, nami nikaona haya kwa kuwa nilijua ni nani aliyewalea hivyo.

Chausiku alisogea. Akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye kiongozi wao. Waambie wateremshe vitu."

"Profesa, nakuomba usiyarudie hayo maneno."

"Kwa nini? Mtarudi darasani! Ni haki yenu."

"Najua ni haki yetu." Alitazama nyuma kuhakikisha wenzake hawasikii, akapunguza sauti. "Anayenilipia ada ni baba mdogo. Ndiye mhandisi mkuu wa maji wa mkoa wetu. Umemfundisha wewe, Profesa. Ulimpa A, na cheti kiko sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa. Bwawa la mkoa kalijenga yeye. Kijiji chetu chote kiko chini ya lile bwawa. Mama yangu na wadogo zangu wako pale." Aliupangusa uso kwa kiganja. "Sasa wewe ukisimama redioni ukasema hukujua unachofundisha, mama atalalaje? Bora mimi nionekane mjinga. Mjinga ni mmoja."

Profesa alitazama magodoro yaliyojaa ndani ya lori.

"Lile bomba la kutolea maji bwawani," alisema, "lina kona ngapi?"

"Mbili."

"Na ya pili ikoje?"

"Inavuja," alisema Chausiku. "Baba mdogo anasema ni kawaida."

Dereva akapiga honi. Chausiku alimshika Profesa mkono, akamwambia ahsante kwa yote, akapanda juu ya magodoro pamoja na wenzake. Profesa alibaki ameunyoosha ule mkono. Nilikuwa nimetumwa nimrudishe ndani, lakini sikumgusa. Nilitazama viatu vyangu, nikaendelea kuvitazama mpaka mlinzi akafunga geti.